Umoja wa Ulaya: kwanza uliza kura gani inapigwa

Swali la wiki liliuliza nani mwenye kauli ya mwisho katika Umoja wa Ulaya. Ukimtafuta mtu mmoja hutampata. Tazama kwanza jambo lenyewe ni la nani, kisha linapigiwa kura ya namna gani.

Yako mambo ambayo nchi zote 27 zimeyakabidhi kwa Umoja moja kwa moja, ushuru wa forodha na biashara ya nje yakiwemo. Ndiyo maana Kenya ilipotaka maua yake yaendelee kuingia Uholanzi bila ushuru, haikuketi mezani na Waholanzi. Iliketi na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, na mkataba ukaanza kutumika Julai 2024. Shule na hospitali, kwa upande mwingine, kila nchi inajiendeshea zake.

Sheria ya kawaida huanzia kwenye Tume, yenye kamishna mmoja kutoka kila nchi. Wabunge 720 wa Bunge la Ulaya wamechaguliwa na wananchi, lakini hawana haki ya kuleta muswada wao. Wanaweza tu kuiomba Tume iuandike. Kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa mfumo huu. Muswada ukishatoka, Bunge na Baraza la Mawaziri, yaani mawaziri wa nchi wanachama, lazima wapitishe maandishi yaleyale, neno kwa neno.

Kwa mawaziri, hesabu ni mbili kwa pamoja: nchi zisizopungua 15 ziunge mkono, na wakazi wake wafike asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Wanaotaka kuzuia kwa wingi wa watu wanahitaji zaidi ya asilimia 35, tena wawe nchi nne au zaidi. Hiyo nne iliwekwa kwa makusudi. Ujerumani, Ufaransa na Italia zina karibu nusu ya watu wote, lakini zikibaki tatu peke yake haziwezi kuangusha muswada.

Kodi, siasa ya nje na kupokea wanachama wapya ni habari nyingine: hapo nchi moja ikikataa, jambo limekwama. Ila asiyepiga kura hahesabiwi kuwa amekataa. Tarehe 14 Desemba 2023 Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungaria wakati huo, alitoka ukumbini, na viongozi 26 waliobaki wakakubali kufungua mazungumzo ya uanachama na Ukraine. Usiku uleule alitumia kura ya turufu kuzuia msaada wa euro bilioni 50 kwa nchi hiyohiyo, ukapita Februari iliyofuata.

Sheria ikipita bado kuna utekelezaji, na hapa ndipo mengi huharibika. Sheria ya aina iitwayo kanuni hufanya kazi kote mara moja. Ile iitwayo agizo huweka lengo tu, na kila nchi hupewa muda, mara nyingi miaka miwili, kutunga sheria yake ya ndani, nyingi huchelewa. Tume huandika barua ya onyo, kisha maoni rasmi, kisha hupeleka kesi mahakamani Luxembourg. Mahakama hiyo haina polisi, lakini Oktoba 2021 iliitoza Poland euro milioni moja kwa siku katika mgogoro wa uhuru wa majaji. Poland ilipogoma kulipa, Tume ilizikata fedha hizo kwenye mgao wake wa bajeti ya Umoja.