Gobori, deraya na mnara wa Notre-Dame: maswali yenu kuhusu gemu za kihistoria

Natengeneza gemu ya vita vya karne ya 18. Kushindilia gobori kuchukue muda wake halisi?

Hapana. Askari aliyefunzwa alipiga risasi kama 3 kwa dakika, yaani sekunde 20 kila moja: ang'ate karatasi ya baruti, atie kidogo kwenye kisahani cha kuwashia kilicho ubavuni mwa bunduki na kukifunika, amimine iliyobaki mtutuni pamoja na risasi, ashindilie kwa mdeki, auchomoe, avute jiwe la gumegume nyuma, afyatue. Mchezaji akitazama mikono sekunde 20 atazima mashine. Fupisha ziwe 7 au 8, lakini hatua zote zionekane, na akikimbia katikati ya kazi baruti imwagike.

Pasipoguswa ni shabaha. Mtutu ulikuwa laini ndani na risasi ilipwaya, kwa hiyo kupita mita 100 kumpata mtu mmoja uliyemlenga kulikuwa bahati. Gemu nyingi humpa mchezaji shabaha ya mita 200, kisha zinashangaa kwa nini hakuna anayekaa kwenye mstari. Irudishe shabaha mbovu, ongeza moshi unaoziba macho, uone: watajipanga bega kwa bega bila kuamriwa.

Assassin's Creed Unity ni ya Mapinduzi ya Ufaransa, ila kanisa la Notre-Dame la Paris lina ule mnara mwembamba wa 1859. Si kosa?

Ni kosa, tena la makusudi. Mchezaji anayeruka mapaa huutafuta mnara huo ajue yuko wapi. Lisemwe tu kwenye maelezo ya ndani ya gemu.

Deraya ya chuma ilimfanya mtu atembee kama kobe?

La. Deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi, zilizogawanywa mwili mzima. Aliyezoea alikimbia na kupanda farasi. Usikate kasi, kata pumzi na macho. Kingdom Come: Deliverance, ya Bohemia (leo sehemu ya Czechia) ya 1403, imelipatia hili: shusha kifuniko cha uso, dunia inabaki mwanya.

Ghost of Tsushima ina haiku (shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu) mwaka 1274. Sawa?

Haiku ilikomaa karne ya 17. Kumkalisha mpiganaji atunge shairi ni wazo zuri, linapumzisha mkono. Lakini waka, shairi la Kijapani la silabi 31, ilikuwepo tayari, na ingegharimu mistari mitano badala ya mitatu.