Ibn Battuta na Kilwa ya Mbao

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari mkoani Lindi. Niliwapeleka wanafunzi wangu Kilwa Kisiwani, na tukiwa mbele ya Msikiti Mkuu nikawasomea maneno ya Ibn Battuta, msafiri wa Moroko wa karne ya 14, kuhusu mji ule. Nilipofika pale asemapo kwamba Kilwa yote imejengwa kwa mbao, mwanafunzi mmoja aliupapasa ukuta wa matumbawe akaniuliza, “Mwalimu, huyu kweli alifika?” Sikuwa na jibu. Kama alikosea jambo lililo wazi kiasi hicho, tutayaaminije mengine? – Mwalimu, Lindi

JIBU: Mwalimu, wanahistoria wengi wanakubali kwamba alifika, na kwa kawaida safari hiyo huwekwa mwaka 1331. Lakini mwanafunzi wako ameshika penyewe, kwa sababu kufika mahali ni jambo moja na kukisimulia ulichokiona ni jambo jingine.

Kitabu kile hakikuandikwa Kilwa. Ibn Battuta alizunguka dunia kwa miaka mingi kabla ya kurejea kwao Moroko, na huko, kwa amri ya sultani, akamsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, ambaye kazi yake ilikuwa ikikamilika mnamo mwaka 1355. Kwa hiyo kati ya jicho lililoiona Kilwa na kalamu iliyoiandika ilipita miaka 24 hivi. Tena Ibn Juzayy hakuwa karani wa kuandika anachotajiwa tu: habari za Makka, Madina na Damascus alizijaza kwa vipande vya Ibn Jubayr, msafiri aliyepita huko zaidi ya karne moja kabla yao.

Tazama mfano wa Mombasa, ambako mgeni wetu alilala usiku mmoja tu. Anataja tunda analoliita jamuni, linalofanana na zeituni ila ni tamu sana, na wengi wamelitambua kuwa ni zambarau. Jina hilo ni la Bara Hindi, naye hakufika huko ila miaka kama miwili baada ya kuondoka pwani yetu. Yawezekana wafanyabiashara walikwisha kulileta neno hilo Mombasa, lakini mimi naona inaelekea zaidi kwamba mzee aliyekaa Fez, huko Moroko, akikumbuka alilivika tunda la Mombasa jina alilojifunza baadaye. Asemapo kwamba kati ya Mombasa na nchi ya Sawahili, yaani ya pwani, pana mwendo wa siku mbili baharini, kila aliyepanda kivuko cha Likoni kati ya kisiwa cha Mombasa na bara atatabasamu, ingawa labda alikusudia sehemu nyingine ya pwani.

Sasa turudi kwenye ukuta wako. Ni kweli kwamba Msikiti Mkuu ulikuwapo kabla ya Ibn Battuta kuzaliwa, na jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la kuogelea la pembe nane, linahusishwa na sultani yuleyule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman. Lakini uchimbaji uliofanywa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba wakati huo wakazi wengi hawakuishi katika nyumba za mawe. Walijenga kwa fito na udongo, na nyumba za namna hiyo haziachi magofu ya kupelekea wanafunzi. Husuni Kubwa yenyewe iko kando ya mji, juu ya genge. Ninavyoona, Ibn Battuta alizidisha aliposema “yote”, na huenda akachanganya na misikiti ya mbao aliyoisifu Mombasa, lakini sentensi yake inatukumbusha mji ambao macho yetu yameuzoea vibaya, kwa kuwa kilichosalia leo ni kile tu kilichojengwa kwa mawe. Ukiisoma pamoja na taarifa ya Hans Mayr, aliyekuwa katika msafara wa Wareno uliopora Kilwa mwaka 1505 na anayetaja nyumba za ghorofa za mawe na chokaa, utapata picha ya mji uliobadilika.

Mahali ninapomwamini Ibn Battuta kidogo kabisa ni pale anaposimulia ya kuambiwa. Mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, hutoka mahali paitwapo Yufi, mwendo wa mwezi mzima, na yeye akaiunganisha Yufi hiyo na nchi za Afrika Magharibi. Sisi tunajua kwamba dhahabu ile ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe. Ninapomwamini zaidi ni penye vitu vidogo visivyomletea sifa wala hasara. Mombasa aliona kwamba kwenye mlango wa msikiti pana kisima, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini wa urefu wa dhiraa moja, kisha watu huosha miguu ndipo waingie. Hiyo ni kata, Mwalimu, na bibi zetu wameitumia. Mogadishu aliandaliwa wali wa samli katika chano cha mti, na pembeni ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na embe.

Wasomee pia kisa cha maskini kutoka Yemeni aliyemwomba sultani wa Kilwa nguo alizovaa, akapewa. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msimulizi alikuwa kadhi, na alikitoa kisa hicho kumsifu mtawala kwa ukarimu. Hao watumwa hawana jina wala neno katika kitabu chake. Waulize wanafunzi walitoka wapi, kisha warudi ukurasa huohuo wasome habari za sultani kuvamia nchi za Zanji, yaani za watu weusi wa bara.

SWALI: Je, hakuna Mswahili aliyesafiri akaandika habari za wengine? – Msomaji, Tanga

JIBU: Wapo. Carl Velten, mtaalamu Mjerumani wa Kiswahili, alichapisha mwaka 1901 mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, na humo Salim bin Abakari anaeleza safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, alipofuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia. Msome kwa jicho lilelile: naye aliandika akijua kwamba msomaji wake wa kwanza ni Mjerumani.