Kanzu nyeupe, buibui jeusi na mshale wa mita ya mwanga

Filamu yangu ya kwanza niliimaliza asubuhi moja ya Idi, hapa Mombasa. Nilikuwa na kamera ya Pentax K1000 niliyopewa na ami yangu, filamu ya rangi ya picha 36, na mbele yangu wanaume wanatoka kuswali, kanzu zimepigwa pasi, jua limeshapanda. Kila picha niliipima. Sikubonyeza hata mara moja kabla mshale wa mita haujatulia katikati, maana ndivyo nilivyoelekezwa. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, kanzu zote zilikuwa na rangi ya jivu, na chini ya kofia palikuwa na giza. Binamu yangu nilimtambua kwa miwani yake.

Nikaamini kwamba mita imekufa. Kumbe ilikuwa nzima, inafanya kazi yake barabara, ila mimi sikujua kazi yenyewe ni ipi. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyepata kamera ya zamani kwa mzee wako au kwa muuza mitumba, ili usipoteze picha za siku ambayo haitarudi.

Ami alizipitia picha zote kimya, akazirudisha kwenye bahasha. Kisha akasema, "Lete kanzu yako, na buibui la mamako, na ile suruali yako ya kaki. Uje uani."

Tulizianika zote tatu kwenye kamba, zikapigwa na jua lile lile. Akaniambia niweke tundu la lenzi kwenye f/16 nisiliguse tena, ASA (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga) iwe 200, halafu nisogee karibu na kila nguo mpaka ijae kwenye kitundu cha kuchungulia, bila kuiangushia kivuli changu. Nilikuwa nazungusha kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, peke yake mpaka mshale ukae sawa. Kanzu ikanipa 1/1000 ya sekunde. Suruali ya kaki ikanipa 1/250. Buibui likanipa 1/60.

"Majua mangapi yako hapa uani?" akaniuliza.

"Moja, ami."

"Basi mbona umepata majibu matatu?"

Nilikaa nalo swali hilo mpaka nguo zilipoanuliwa.

Jibu lake ni hili. Mita iliyomo ndani ya kamera haiuoni mwanga unaoshuka kutoka juani. Inauona ule unaorudi kutoka kwenye kitu ulichokielekezea. Kanzu inarudisha mwingi, buibui linameza karibu wote. Na mita haina macho ya kujua kwamba hii ni kanzu na hili ni buibui. Walioitengeneza waliipa dhana moja tu, kwamba chochote kitakachokuwa mbele yake ni cha kijivu cha wastani, kati ya cheupe na cheusi. Kwa hiyo mshale ukikaa katikati, mita inakuambia: ukibonyeza sasa, hiki ulichonionyesha kitatoka kijivu. Ukiionyesha kanzu, itapunguza mwanga mpaka kanzu iwe jivu. Ukiionyesha buibui, itaongeza mwanga mpaka buibui lipauke kama lililotiwa jiki. Suruali ya kaki peke yake ndiyo iliyokuwa karibu na ile dhana, ndiyo maana jibu lake lilikuwa la kweli.

Sasa hesabu. Kila ukihama namba moja ya kasi, au namba moja ya tundu la lenzi kama kutoka f/16 kwenda f/11 (namba ikishuka, tundu linapanuka), unaongeza mwanga mara mbili au unaupunguza nusu. Hiyo tuiite hatua moja. Kanzu nyeupe unaifungulia hatua mbili zaidi ya mita inavyotaka: 1/1000, 1/500, 1/250. Buibui unalibania hatua mbili: 1/60, 1/125, 1/250. Umeona? Zote zimerudi pale pale kwenye 1/250, kwenye jibu la kaki, kwa sababu jua ni moja. Wapiga picha wa zamani wasiokuwa na mita walikuwa na kanuni yao ya jua kali: tundu f/16, na kasi iliyo karibu na namba ya ASA ya filamu. ASA 200, basi 1/250. Ni jibu lile lile la kamba ya nguo.

Fanya zoezi hili kabla hujanunua filamu. Kamera tupu inatosha, na filamu siku hizi ni ghali mno kuichezea. Pia ni njia nzuri ya kujua kama mita ya kamera ya mtumba bado ina akili: saa sita ya mchana, mbingu safi, elekeza kwenye lami kuukuu iliyopauka au majani makavu. Ikiwa iko mbali na kanuni ya f/16 kwa hatua mbili au tatu, ipeleke kwa fundi au ujifunze kuishi bila mita.

K1000 ilianza kuuzwa 1976 na ikatengenezwa mpaka 1997, ndiyo sababu bado zimejaa makabatini mwa watu. Ina mshale mmoja upande wa kulia wa kitundu, basi. Ukipanda juu mwanga umezidi, ukishuka chini umepungua. Namba za kasi na za tundu hazionekani ndani, kwa hiyo zoeza vidole kuhesabu. ASA unaipanga kwa kuinua ukingo wa gurudumu la kasi na kulizungusha mpaka namba itokee dirishani. Ukisahau hili, kila kipimo kitakuwa cha uongo. Kamera haina swichi ya kuzima mita, hivyo ukimaliza irudishe kifuniko cha lenzi, la sivyo betri italiwa usiku kucha. Betri ni moja ndogo ya LR44. Ukipata SR44, chukua hiyo, kwani nguvu yake hukaa palepale karibu mpaka mwisho, wakati LR44 hupungua kidogo kidogo na mita nayo ikapotoka bila wewe kujua. Ikiisha kabisa shata inaendelea kufanya kazi, maana betri ni ya mita tu.

Jambo jingine la mita hizi za zamani: jicho lake hukumbuka. Ukitoka juani ukaingia chumbani, lipe muda kidogo kabla ya kuliamini, kama unavyoyapa macho yako.

Tuje kwenye nyuso, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Mita ya K1000 hupima picha nzima na kuchukua wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, au bahari inayong'aa nyuma yake, na huo weupe wote utaivuta mita upande wake. Ukuta utakuwa kijivu kizuri, uso utapotea. Mtu akishaona picha kama hiyo husema ngozi yake haipigiki. Naomba neno hilo tuliache. Ngozi haina kosa lolote. Aliyepima amepima ukuta.

Nyanya yangu hupenda kukaa barazani alasiri, mwenyewe kivulini, ukuta wa jirani nyuma yake uko juani. Nilipopima nikiwa nimesimama barabarani, kwa kasi ya 1/250, mita ilitaka f/11. Nikamwomba ruhusa, nikasogea mpaka uso wake ukajaa kitundu, kiasi cha urefu wa mkono. Mita ikataka f/4. Uso wa nyanya ni mweusi, basi nikabana hatua moja ili usipauke: f/5.6. Nikarudi barabarani, mshale umeruka juu kabisa unalalamika, nami nikauacha hivyo hivyo nikapiga. Ukuta ulitoka mweupe mtupu, nyufa zake hazionekani. Lakini uso wake umetoka wote, mpaka mikunjo ya pembeni mwa macho aliyokuwa ameifinya kwa sababu nilikuwa namchelewesha uji wake.

Kama mtu huyo si wa kusogelewa usoni, tumia kiganja chako. Viganja vyetu havipishani sana kwa rangi kama nyuso zetu. Kinyooshe mbele ya lenzi kikipigwa na mwanga ule ule unaompiga unayempiga picha, pima, kisha fungua hatua moja. Kiganja ni cheupe kidogo kuliko kijivu cha mita, ndiyo maana ya hiyo hatua. Ukiwa kivulini na yeye yuko juani, kipimo hicho hakina faida, kwa hiyo nenda juani kwanza. Na pale ambapo mbingu inaingia sana kwenye picha, inamisha kamera itazame ardhi, pima hapo, kisha inua.

Ukiwa na shaka na filamu yako ni ya negativu, ile ya kawaida ya kuchapishia picha za karatasi, ongeza mwanga. Hatua moja ya ziada haitaiumiza. Mwanga uliopungua haurudi, kwa sababu pale kwenye kivuli filamu haikuandika chochote cha kusafishwa. Filamu za slaidi, zile ambazo picha huonekana kwenye filamu yenyewe, ni kinyume chake, ukizidisha kidogo tu umepoteza, kwa hiyo usianze nazo.

Weka kijitabu. Kila picha andika ulipima nini, mita ilisema ngapi, wewe ulipiga kwa ngapi. Filamu mbili za namna hiyo zilinifundisha kuliko mwaka mzima wa kubahatisha.

Idi iliyofuata nilifika mapema, kabla watu hawajatoka. Nikasimama juani, nikapima kiganja, nikafungua hatua moja, nikapata 1/250 kwa f/11, kwa kuwa jua la asubuhi halijafikia ukali wake. Kanzu zikaanza kumiminika. Sikuuangalia tena mshale mpaka wingu lilipopita.