Printa kwenye Linux: anza bila draiva

Kaka, kama umetoka Windows juzi na Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) "haioni" printa, acha kwanza kutafuta draiva (programu ya kuiendesha printa) mtandaoni. Mazoea hayo ndiyo yanayowapoteza wageni wengi. Tazama boksi la printa au ukurasa wake wa maelezo: likiwa na neno AirPrint (teknolojia ya Apple ya kuchapa bila draiva), CUPS (mfumo wa uchapaji wa Linux) inaweza kuitumia bila draiva yoyote. Unachohitaji ni kompyuta na printa viwe kwenye wifi moja. Si wifi ya wageni, maana ruta nyingi huzuia vifaa vya huko visionane. Hakikisha pia avahi-daemon inafanya kazi, kwani ndiyo inayoitafuta printa kwenye mtandao.

Unatumia waya wa USB? Sakinisha ipp-usb (programu inayoifanya printa ya USB itumike bila draiva, kama ile ya mtandao), chomoa waya, chomeka tena. Printa za HP za zamani zisizo na AirPrint nyingi huhitaji hplip, kifurushi cha draiva za HP.

Ikigoma bado, fungua localhost:631 (ukurasa wa CUPS ulio ndani ya kompyuta yako) kwenye kivinjari, nenda Administration, kisha Add Printer. Itakuomba jina na nywila: weka zile zile unazoingilia kwenye kompyuta. Ikikukatalia, andika hivi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ili ujiunge na lpadmin, kundi la wanaoruhusiwa kusimamia printa:

sudo usermod -aG lpadmin $USER

Toka kwenye akaunti yako ya kompyuta, ingia upya. Kwa maoni yangu hatua hii ingepaswa kuelezwa palepale kwenye ukurasa wa CUPS. Mgeni atajuaje kuna kundi liitwalo lpadmin?

Bado hujanunua? Chagua yenye AirPrint, hata kama huna iPhone.