Kigamboni ya kwenye picha na Kigamboni ya saa nane mchana

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tumechoka kupanga Tabata. Tumeona tangazo la viwanja Kigamboni, bahari inaonekana, jua zuri, upepo wa kutosha. Tunataka kukopa tununue. Wewe unaishi huko, unatushauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza. Mnaonisoma karibu wote mna hamu hiyohiyo: kuondoka kwenye nyumba ya kupanga, mfungue geti lenu wenyewe, watoto wacheze kwenye uwanja wenu, na jioni upepo wa bahari uwapige mkiwa mmekaa nje. Hamu hiyo ni halali kabisa. Mimi niliibeba miaka mingi nikiwa Sinza, na siku tulipolala hapa kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa machozi.

Lakini tangazo hilo nimelitazama. Limepigwa jioni, jua likiwa limelegea, kamera inapita juu ya minazi na ukuta mweupe unang'aa. Matangazo yote ya viwanja vya huku yanapigwa saa hizo. Hakuna anayekuonyesha saa nane mchana mwezi wa Februari, na saa nane ya Februari ndiyo utakayoishi nayo.

Sisi tulinunua Kibada, hukuhuku Kigamboni, kwa mtu aliyekuwa amepata kiwanja chake kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000. Daraja la kuvukia kutoka mjini lilikuwa bado. Nyumba tumeijenga kwa mshahara, kwa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu na kwa vicoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, bila shilingi ya benki, na hilo nitalisema mpaka nife kwa sababu tulisemwa sana. Wifi yangu mmoja alisimama kwenye kikao cha familia akasema tumekimbilia porini. Leo picha za nyumba hiyohiyo anawaonyesha marafiki zake.

Sasa habari ya jua. Fundi wetu mkuu alituletea ramani ya mtindo: paa lililofichwa nyuma ya ukuta, madirisha makubwa ya vioo vya kusukuma, uwanja wote pevingi, yale matofali ya kutandika chini, kutoka getini hadi jikoni. Madirisha makubwa aliyaweka upande wa barabara, ili wapita njia wayaone. Barabara yetu iko magharibi. Nilimuuliza kuhusu joto, akaniambia, "Mama, huku kuna upepo wa bahari, hutahitaji hata feni." Akalipwa, akaondoka.

Januari ya kwanza tuliielewa ramani ile. Kuanzia saa saba mchana jua linageukia magharibi na kuingia sebuleni lote, mwaka mzima, liwe la kiangazi au la masika. Ukuta wa tofali za saruji unalinywa hilo joto polepole, halafu unaanza kulitoa mkishaingia kulala. Nilikuwa naweka kiganja ukutani saa nne usiku, nakiondoa kwa moto. Pevingi nazo hivyohivyo, unazikanyaga pekupeku saa mbili usiku bado zina joto. Feni ilizungusha hewa ya moto tu. Madirisha yale ya kusukuma hufunguka nusu, maana kioo kimoja kinakaa juu ya mwenzake, kwa hiyo hata upepo ulipokuja nusu yake uligonga kioo ukarudi. Watoto walihamia barazani na mkeka. Mume wangu akanunua kiyoyozi, na umeme wa luku ukawa unaisha kabla ya mshahara kuingia.

Nililia jikoni peke yangu. Nilikuwa na nyumba ambayo kila mtu aliisifu kwa picha, na ndani yake sikuwa na chumba cha kulala mtoto mwenye homa.

Tuliirekebisha kwa fedha ambazo zingesomesha mtoto. Paa liliezuliwa, tukaezeka upya kwa kutoa upenu wa zaidi ya mita moja kila upande. Magharibi tukajenga baraza pana, madirisha ya huko tukayapunguza. Tukatoboa madirisha ya kufunguka yote, kaskazini mashariki na kusini mashariki, kwa sababu upepo wa pwani hii unajulikana tangu enzi za majahazi: kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi inachukua kuanzia Aprili. Nyumba yenye mdomo pande zote mbili hiyo inapumua mwaka mzima. Nusu ya pevingi tuling'oa. Leo wageni wakikaa sebuleni kwangu mchana wananiuliza kiyoyozi kiko wapi. Kiko stoo.

Wazee wa huku, wa Gezaulole na Mjimwema, hawakuhitaji kufundishwa haya. Nyumba zao za makuti zina upenu wa chini, zina baraza, na zimekaa chini ya miembe na mikorosho. Sisi tunanunua shamba lenye miembe mitatu, la kwanza tunaita mtu wa msumeno. Kisha tunalalamika kwamba Kigamboni kuna joto. Ndugu zangu, miti hiyo ilikuwa nyumba nusu!

Jambo la pili ni chumvi, na hili madalali hawaligusi kabisa. Hewa ya bahari inakula chuma. Bawaba za geti letu zilianza kumwaga unga mwekundu kabla rangi haijapauka. Kisima tulichochimba kilitoa maji ya chumvi: sabuni haitoi povu, birika linajenga ukoko mweupe, chai inahitaji sukari mara mbili na bado inakuonjesha bahari. Mbaya zaidi ni wanaojengea maji hayo. Chumvi ikiingia kwenye zege, nondo zinaota kutu ndani, zinavimba, zege linapasuka. Nunua boza la maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa kazi ya zege, na mchanga wa ufukweni usiingie kwenye saiti yako hata ndoo moja. Mwaka 2022 ulizinduliwa mradi mkubwa wa maji ya visima virefu vya Kisarawe II, na walio kwenye mtandao wa mabomba wamepumua. Ila bomba kupita mtaa wa pili si bomba kufika kwako. Kagonge kwa jirani, mwombe maji ya kunywa, uonje.

Kisha kuna kuvuka mkono wa bahari kwenda mjini. Kwenye ramani Kibada na Posta, katikati ya jiji, ni kama chumba na sebule. Zamani ilikuwa pantoni au uzunguke mbali. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680 kutoka Kurasini hadi Vijibweni, likaokoa wengi, nami namshukuru kila aliyelisukuma. Lakini lina tozo. Ilishushwa 2022, hata hivyo tozo ndogo ya kila siku, kwenda na kurudi, ni ada ya shule ukiijumlisha. Pantoni nayo ni bei nafuu kwa mtembea kwa miguu, ila ikiharibika moja, foleni ya Magogoni unaijua mwenyewe. Wanangu wameamka saa kumi na moja alfajiri miaka yote ya msingi.

Na umbali huo unachuja watu. Ubatizo wa mwanangu wa mwisho nilipika pilau ya kutosha ukoo mzima. Mchana wakapiga simu, wapo kwenye foleni ya kuvuka, jua kali. Baadaye wakapiga tena, wamegeuza. Pilau ile walikula majirani, watu ambao wakati ule hata majina yao nilikuwa sijayashika. Mpaka leo inaniuma. Lakini majirani wale ndio walionibeba hospitali usiku nilipougua, na ndio nawaita ndugu sasa. Unapohamia mbali, jenga ujirani kabla ya kujenga ukuta. Usijifungie ndani ya geti ukisubiri watu wa mjini waje kukusifia.

Wala msinunue kwa ahadi. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mji mpya wa Kigamboni, michoro ya maghorofa ikasambaa, na watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa miaka wakisubiri fidia ya mji ambao haukujengwa. Pale Dege, hukuhuku Kigamboni, ulianza mradi wa nyumba zaidi ya 7,000, ukasimama, yakabaki magofu mapya yanatazama bahari. Picha zake zilikuwa nzuri kuliko za tangazo lenu. Nunueni kilichopo: barabara iliyopo, bomba lililopo, hati iliyopo ofisi ya ardhi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, msikope bado. Njooni kwanza siku ya kazi, mvuke saa za watu wanaotoka kazini. Rudini tena saa nane mchana, msimame katikati ya kiwanja bila mwavuli, muangalie jua linaelekea wapi na upepo unatoka wapi. Muulize mama muuza mihogo wa karibu, si dalali, maji wananunua wapi na kama masika barabara inapitika. Ikiwezekana pangeni chumba huku miezi ya joto, Desemba hadi Machi, na mume wako aende kazini akitokea hapa. Mkiona bado mnapataka, nunueni kwa moyo wote, nami nitawasaidia kutafuta.

Siku mtakayochimba msingi, siku hiyohiyo mwoteshe mwarobaini upande wa magharibi. Unakua haraka na ukiukita vizuri unavumilia ukame. Uwekeni mbali na karo la maji taka, maana mizizi yake inafuata maji, na msimruhusu fundi kumwaga mabaki ya saruji shinani.