Kuhamisha picha zote kutoka Google Photos: soma kabla hujafuta

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuzihamishia kwenye diski yako picha zote zilizojaza zile GB 15 za bure, kisha uzifute kule. Inawezekana, ila kwa sasa usiguse kitufe cha kufuta. Ukifuta ndani ya programu ya Google Photos, picha inaondoka mtandaoni na kwenye simu kwa pamoja. Itakaa siku 60 kwenye kapu la taka, basi.

Ingia takeout.google.com, ukurasa wa Google wa kupakua data zako, ondoa tiki zote, bakiza Google Photos tu. Chagua zip (faili moja linalobana mafaili mengi), vipande vya GB 2. Achana na GB 50: mtandao ukikatika njiani bando limekwenda bure, na flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili la GB 4 kwenda juu. Maandalizi huchukua saa, wakati mwingine siku. Ukipata barua pepe una kama siku 7 za kupakua, kwa hiyo omba bando likiwepo.

Wengi wanaharibia hapa: kila picha huja na kifaili chake cha JSON, yaani maandishi yenye maelezo ya picha, na vikionekana takataka vinafutwa. Picha ya kamera hubeba tarehe ndani yake. Iliyopokelewa WhatsApp kwa kawaida haina. Tarehe yake imo kwenye JSON, penye photoTakenTime, kwa hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970. Ukiifuta JSON, picha za harusi ya 2017 zinaweza kujipanga kama za leo. Tena picha yaweza kuwa kwenye zip ya tatu na JSON yake kwenye ya nne, hivyo fungua zip zote ndani ya folda moja kwanza. ExifTool, programu ya bure, huiingiza tarehe hiyo kwenye picha; ijaribu kwa nakala za picha 20.

Kisha hesabu picha zilizofika, mwaka kwa mwaka, fungua video za zamani uone zinacheza, na weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Diski moja ikifa, umepoteza kila kitu, na hakuna wa kumlalamikia.

Kufuta ndiyo mwisho: zima uhifadhi wa kiotomatiki kwenye simu, futa kupitia kivinjari, si programu, halafu safisha kapu la taka. Bila hilo la mwisho nafasi hairudi mpaka zile siku 60 ziishe.