Je, korveti ilikuwa meli mbovu kwa sababu ilikwenda polepole?

SWALI: Nimesoma kwamba korveti (manowari ndogo) za Uingereza za aina ya Flower, zilizosindikiza misafara ya meli katika Vita Kuu ya Pili, zilikwenda noti 16 tu (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), ilhali nyambizi ya Kijerumani ya Aina ya VII ilifikia noti 17. Video moja inadai kwamba zilikuwa kosa la kihandisi. Kwa nini ijengwe meli ya kuwinda nyambizi isiyoweza kuikimbiza?

JIBU: Tarakimu zako ni sahihi. Kasoro imo katika hitimisho la video, nami huletewa hitimisho hilo na wanafunzi wangu wa uhandisi wa meli kila mwaka.

Noti 17 ulikuwa mwendo wa juu ya maji, kwa nguvu ya dizeli. Ikisha kuzama, nyambizi ya enzi ile ilitegemea betri, ikafikia noti 7 hivi kwa muda mfupi tu, na kama ilitaka kudumu chini ililazimika kutambaa. Msafara wenyewe, hata ule wa polepole, ulikwenda noti 7. Kwa hiyo korveti iliyoilazimisha nyambizi kuzama na kubaki chini kwa saa kadhaa ilikuwa imekwisha kutimiza kazi yake, hata kama haikuvunja kitu, kwa kuwa meli za mizigo zilikuwa zimekwenda zao. Kusindikiza si kuwinda, na anayeipima meli ya kusindikiza kwa idadi ya nyambizi ilizozamisha hajaelewa ilitumwa kufanya nini.

Aliyeisanifu, William Reed wa karakana ya Smith's Dock, alianzia kwenye meli ya kuvulia nyangumi iitwayo Southern Pride. Alichagua rafadha moja na injini ya mvuke ya pistoni yenye nguvu za farasi 2,750, kwa sababu taba (injini za mvuke za kuzunguka, yaani turbini) na gia zake zilikuwa adimu, na karakana ndogo zilizozoea meli za biashara zisingeweza kujenga manowari za kasi. Zaidi ya korveti 200 za aina hiyo zilijengwa Uingereza na Kanada. Meli nzuri isiyojengeka kwa wakati haisindikizi chochote.

Udhaifu ulikuwepo, nao ni mkubwa kuliko unaotajwa na video. Meli hizi zilikwenda mrama vibaya mno, na omo fupi la zile za mwanzo lilifurikwa na mawimbi hata mabaharia wakachoka kabla ya kumwona adui. Asdiki, chombo chao cha kusikiliza mwangwi, haikuweza kuigundua nyambizi iliyokuja usiku ikielea juu. Tatizo hilo lilianza kupungua rada ya Aina ya 271 ilipofungwa kuanzia mwaka 1941. Mwendo nao ulikuwa na gharama yake halisi, kwani korveti iliyobaki nyuma kushughulikia mwangwi ilichukua saa nyingi kuufikia tena msafara. Ndiyo maana Reed huyohuyo alisanifu frigeti, manowari kubwa kuliko korveti, za aina ya River, zenye rafadha mbili na mwendo wa noti 20.

Nawasihi wasomaji wajihadhari na hawa wanaopanga meli kwenye jedwali na kumtangaza mshindi kwa tarakimu moja. Hawaulizi mwendo huo ulipimwa katika hali gani, wala meli ilikuwa na kazi gani. Kasi peke yake haikingi msafara: tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Miongoni mwa wasindikizaji zilikuwamo manowari Petard na Paladin, zenye uwezo wa kupita noti 30, nazo ziliizamisha I-27 siku hiyohiyo. Khedive Ismail ilikuwa imekwisha kuzama ndani ya dakika chache, na karibu watu 1,300 walikufa.